Maharage ya Ganzi

Kilichomfanya Ma Kokugonza ageuke ni harufu. Nyama ilikuwa inaungua, na katika nyumba ile nyama haikuingia tangu Pasaka. Aligeuka na ungo wake mikononi, akamwona mkwewe Kemilembe, mimba ya miezi minane na nusu imemtangulia, amejiegemeza kwenye figa ili ainuke. Kiganja chake chote cha kulia kilikuwa juu ya jiwe lililokaa motoni tangu asubuhi. Na mdomo ulikuwa unaendelea na habari zake.

"Nikamwambia Mama Asteria, akiwa wa kiume atapewa jina la babu yake, akiwa wa kike Mama atachagua mwenyewe. Au siyo, Mama?"

"Kemi," alisema Ma Kokugonza. "Mkono."

"Mkono umefanyaje?"

Kemilembe aliutazama mkono wake kama kitu alichokiokota njiani. Akauinua. Ngozi ya kiganja ilibaki jiweni.

Tuseme ukweli, Ma Kokugonza si mwanamke wa kushtuka hovyo. Amezika mume na watoto wawili, na mwaka wa mafuriko alimfukuza chatu kwenye banda la kuku kwa mwiko. Lakini asubuhi ile alijikuta amekaa majivuni na kanga yake mpya. Kidonda hakikumtisha, vidonda amefunga vingi. Ulimtisha uso wa mkwewe, uso ambao haukukunja hata nyusi.

"Haiumi," alisema Kemilembe. "Mama, mbona haiumi?"

Ma Kokugonza alimwagia maji ya mtungini, akamfunga kiganja kwa jani changa la mgomba na kitambaa safi, akamketisha kwenye mkeka uani na kumwambia asishike kitu. Kisha akarudi jikoni peke yake, akachomoa ukutani sindano ya kushonea vikapu, akajichoma pajani. Aliisukuma ndani mpaka likabaki lile tundu la kupitishia uzi. Alihisi kuguswa, kama mtoto anapokuvuta upindo wa kanga, basi. Alipoichomoa, damu ilifuata.

Hapo akakumbuka magoti yake, yale yaliyokuwa yakimtangazia mvua siku mbili kabla ya redio. Yalikuwa kimya tangu Machi. Naye alikuwa amemshukuru Mungu kwa hilo, tena kanisani, mbele za watu.

*

Asimwe, bibi shamba wa kijiji cha Kyamulanga, alifika saa tano kwa pikipiki yake isiyo na sauti. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na saba, mwenye haya, lakini ukimgusia mambo ya udongo anakuwa mtu mwingine. Ma Kokugonza alimpenda, ingawa hakuwahi kumwambia. Alimwonyesha kiganja cha Kemilembe, akamwonyesha na tundu la pajani kwake. Asimwe aliukodolea macho ule mkono, kisha chungu cha maharage kilichokuwa bado kinachemka.

"Ma, yale ya kampuni umeyaweka wapi?"

"Stoo, kwenye gunia lake. Limefungwa lakiri kama mlivyotuagiza. Unanijua mimi."

Ndiyo, alimjua. Kijiji kizima kilimjua. Mnyauko ulipomaliza migomba ya wilaya nzima na kahawa ikaozea ghalani kwa kukosa mnunuzi, mkutano wa kijiji uliapa kwamba riziki ya Kyamulanga haitaingia tena kwa mlango mmoja. Ndipo ukaja mpango wa Milango Minne. Kila kibanja, nyumba na shamba lake, kilipewa migomba mipya inayohimili mnyauko, vanila ya kupanda kwenye miti, mizinga ya nyuki, na mlango wa nne, uliolipa kuliko yote mitatu ikijumlishwa: maharage ya mkataba. Wazee walinung'unika kwamba mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika nne. Lakini mabati mapya yalipoanza kumeta mlimani, hao wazee ndio waliokuwa wa kwanza kupanga foleni ya mbegu.

Maharage ya mkataba yalikuwa ya buluu. Wataalamu waliyatia rangi hiyo makusudi, ili hata mlevi asiyapike. Ndani ya kila punje mmea ulitengeneza dawa ya ganzi, ambayo kampuni iliikamua na kuiweka kwenye viraka vya kubandika mwilini. Mgonjwa akibandikwa kimoja, wiki nzima hajui maumivu yanafananaje. Viraka hivyo viliuzwa nchi za mbali. Kimoja kilikuwa na bei ya ng'ombe wa maziwa.

Asimwe alitoa mkobani kifaa chake, kidogo kama kipande cha sabuni, walichokiita jicho. Aliweka chini yake punje moja ya buluu. Jicho likawaka zambarau.

"Hii ndiyo ganzi," alisema. "Sasa niletee ya kula."

Ma Kokugonza alileta chungu cha mbegu. Wacha nikwambie kuhusu chungu hicho, maana ndicho kilichoponza watu. Alikirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake. Ndani mlikuwa na maharage ya rangi arobaini na kitu: mekundu, ya njano, meupe, yenye madoa ya kanga, yenye milia, meusi yanayong'aa. Huku kwetu mwanamke mwenye heshima hapandi rangi moja. Mvua ikizidi yatabaki haya, jua likizidi yatabaki yale, na nyumba haikosi mboga. Shamba la rangi moja, mama yake alikuwa akisema, ni la mtu asiye na majirani.

Asimwe alichukua harage jekundu. Zambarau. Akachukua la njano. Zambarau. La madoa, zambarau. Jeupe lilibaki kimya, Ma Kokugonza akashusha pumzi, kisha jeupe la pili likawaka kuliko yote.

"Kifaa chako kibovu hicho."

"Nimekipima leo asubuhi, Ma."

"Kipime tena."

Alikipima tena. Katika punje ishirini, kumi na saba ziliwaka. Asimwe aliweka jicho chini, akajipangusa viganja kwenye sketi.

"Ma, nikuulize, na usinikasirikie. Uliwahi kuchanganya?"

Uani Kemilembe alikuwa akiwafukuza kuku kwa mkono wa kushoto.

"Konzi moja, kiasi cha kufumbata mkononi," alisema Ma Kokugonza. "Msimu wa kwanza. Si kwamba niliiba, usinitazame hivyo. Mbegu mpya ikiingia nyumbani lazima konzi moja iende chunguni ikawasalimie wenzake. Ndivyo nilivyofundishwa. Mgeni haachwi mlangoni. Nilizipanda pamoja mara moja tu, na mavuno yalipokuja nikazitoa zote za buluu, moja moja, kwa macho yangu haya. Haikubaki hata punje."

"Rangi ndiyo haikubaki," alisema Asimwe taratibu. "Ua la harage hujioa lenyewe, Ma, ndani kwa ndani, mlango umefungwa. Nyuki wetu wa zamani hawana nguvu ya kuusukuma. Ndiyo maana kampuni haikuogopa. Lakini mlango wa tatu tulileta nyuki gani?"

Ma Kokugonza alijua ni nyuki gani. Vanila hufungua ua lake asubuhi moja tu, na zamani wanawake walilichavusha ua kwa ua kwa njiti, migongo ikikatika. Kwa hiyo maabara ikawaletea nyuki mnene kama punje ya kahawa, mwenye kichwa kigumu, aliyefundishwa kufungua ua lolote kwa nguvu. Watu walimsifu sana. Kumbe jirani wa vanila alikuwa maharage.

"Wakaingia," alisema.

"Wakaingia. Wakachukua ganzi kwenye ya buluu wakaipeleka kwenye mekundu, na kwenye ya njano, na kote. Miaka mitatu sasa, misimu sita ukihesabu ya vuli, ikikolea mpaka haya mavuno tuliyoanza kula Machi. Na moto wa jikoni hauiui. Ma, mbegu zako umempa nani mwingine?"

Hapo ndipo Ma Kokugonza aliposhikwa na baridi juani. Maana yeye ndiye mwenye chungu. Bibi arusi yeyote anayeolewa Kyamulanga hupewa kibuyu kutoka mkononi mwake. Aliyefiwa hupewa. Aliyeunguliwa na nyumba hupewa. Alianza kuhesabu maarusi wa miaka mitatu kwa vidole, akafika kumi na tisa, akaacha kuhesabu.

"Wote," alisema. "Nimewapa wote."

Asimwe alikaa juu ya kinu bila kuulizwa. Alieleza, naye Ma Kokugonza alisikia maneno machache machache, masikio yalikuwa yanavuma. Mtu akiacha kula, ganzi humtoka mwilini kwa siku nane au tisa. Lakini taarifa ikitumwa, kunguru wa kampuni, wale wa chuma waliopita angani kila wiki kuhesabu miche, watakuja kuteketeza kila shina la harage na kila punje kijijini, za buluu na zisizo za buluu. Na mlango wa nne utafungwa kwa kaya zote mia mbili na kumi.

"Sheria inanitaka nitume leo," alisema Asimwe. "Nitasubiri mpaka kesho adhuhuri. Mwenye chungu ndiye aseme. Nikisema mimi ni uchongezi, ukisema wewe ni uungwana."

Ma Kokugonza aliitikia kwa kichwa. Kisha wazo likampitia, akamshika msichana mkono.

"Na Ta Byabato?"

*

Ta Byabato alikuwa mjane mwenzake, kibanja kwa kibanja, na walisoma darasa moja enzi za ubao na chaki. Mwaka jana ugonjwa ulimwingia kwenye mifupa. Hospitali ilimrudisha nyumbani na vidonge, ikampa mwaka. Kilio chake kilikuwa kitu cha kutisha. Majirani walifungulia redio mpaka mwisho, na walioona haya kufanya hivyo walikwenda kulala kwa ndugu. Ma Kokugonza alikuwa akimpelekea chakula kila Jumamosi, ndizi na maharage, akimkuta amejiuma mkono mpaka damu ili asipige kelele mbele yake.

Mnamo Machi kilio kilikoma. Padri aliita muujiza. Misa ya shukrani ilipangwa Jumapili inayokuja.

Ma Kokugonza alimkuta kibarazani anasuka kikapu, amekonda, macho makubwa, lakini mikono inakwenda. Pembeni yake palikuwa na bakuli la maharage lililobaki robo. Ma Kokugonza alilitazama lile bakuli, akajua kwamba akianza kwa salamu hatasema. Akasema yote akiwa amesimama. Konzi, nyuki, jicho, mkono wa Kemilembe, siku tisa.

Ta Byabato alisuka mistari miwili kabla ya kujibu.

"Kwa hiyo siyo Mungu, ni wewe."

"Ni konzi moja, Byabato."

"Basi Jumapili tukuimbie wewe. Utapenda kuimbiwa?" Alicheka, na kicheko kikamwishia njiani. Aliweka kikapu chini. "Koku, unakumbuka nilivyokuwa?"

"Nakumbuka."

"Mimi sikumbuki vizuri. Najua kwa kuambiwa. Ndiyo raha yenyewe." Alijipapasa paja kana kwamba kuna mnyama amelala mle ndani na hataki kumwamsha. "Mkwe wako ana wazazi. Mpeleke kwao Muleba, akale vya kwao, ajifungulie huko. Wengine waambie wawe waangalifu na moto. Mimi daktari alisema imebaki miezi mitatu. Nisubirie hiyo mitatu. Nikishazikwa choma unachotaka, anza na kikapu hiki."

Ma Kokugonza alilipenda wazo hilo. Lo, alilipenda. Lilikuwa na kila kitu: mtoto salama, mlango wa nne wazi, chungu cha mama yake kizima, na huyu mzee amekaa anasuka. Miezi mitatu ni nini? Kijiji kilikuwa kimeshaishi mitatu bila kujua.

"Kesho asubuhi nampeleka," alisema.

"Asante, Koku." Ta Byabato alifuta macho kwa ukingo wa shati, akarudia kikapu chake. Ma Kokugonza akarudi kwake akitembea haraka, akiwa na furaha ya kweli moyoni, na hata njiani alikuwa anapanga atakavyomweleza Asimwe.

*

Kemilembe alikuwa palepale kwenye mkeka, anamenya ndizi kwa mkono mmoja, ameshikilia ndizi kwa goti.

"Mama, afadhali umerudi. Mtoto ametulia sana leo. Ila nimelowa, sijui nimekalia maji."

Ma Kokugonza alitazama mkeka. Alipiga magoti, akainua kanga ya mkwewe. Kichwa kilikuwa kimeshatokeza. Nywele nyeusi, zimelowa, upana wa kikombe. Mtoto alikuwa anazaliwa, na mama yake alikuwa anamenya ndizi.

"Weka kisu chini."

"Kuna nini?"

"Kemi, mwanangu, weka kisu chini ulale chali. Unazaa."

"Sizai. Mtu akizaa anajua." Kisha akaona uso wa mama mkwe, akakiachia kisu. "Mama, mimi sisikii kitu. Nisukume wakati gani? Sisikii kitu!"

Hakuna aliyewahi kumfundisha Ma Kokugonza kuzalisha mtu asiye na uchungu. Uchungu ndio unaomwambia mama sasa, bado, tulia, sasa. Huyu hakuwa na wa kumwambia. Ma Kokugonza aliweka kiganja juu ya tumbo, likiwa gumu anasema sukuma, likilegea anasema acha. Kemilembe alisukuma kama mtu anayesukuma gari gizani, hajui kama linakwenda. Alichanika, damu ikaja nyingi, naye akawa anauliza kama imeanza. Ma Kokugonza aliijibu kila swali kwa sauti ya kawaida, na hakujua sauti ile aliitoa wapi.

Mtoto alitoka, wa kike, mzima, vidole kumi na kumi. Ma Kokugonza alimsafisha mdomo na pua, akamgeuza, akampiga nyayo.

Kimya.

Akampiga tena, kwa nguvu zaidi kuliko alivyowahi kumpiga mtoto yeyote. Mtoto alifumbua macho akamtazama. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kidogo kidogo, kama cha kifaranga. Alikuwa hai. Alikuwa anapumua. Ila hakuwa na sababu ya kulia. Kila alichokula mama yake tangu Machi kilikuwa ndani yake, na dunia yote pamoja na baridi yake na makofi yake haikumfikia.

"Mbona halii?" aliuliza Kemilembe. "Mama, amekufa?"

"Hajafa."

"Mbona halii?"

Ma Kokugonza alimfunika mtoto kwa kanga, akamweka kifuani kwa mama yake. Mtoto asiyelia atasemaje ana njaa? Homa ikimpanda, sikio likimuuma, sisimizi wakimwingia kitandani, nani atajua? Akawaza watoto wote waliozaliwa Kyamulanga tangu Machi, wale watulivu, wale ambao wanawake waliwasifu kwa kulala usiku kucha.

Alipiga simu kwa mkono wenye damu. Kwanza aliita zahanati, waje na gari na uzi wa kushonea. Kisha akamwita Asimwe.

"Bonyeza, taarifa iende," alisema.

"Ma, nimesema mpaka kesho."

"Bonyeza sasa, kabla sijaingiwa na akili nyingine."

*

Kampuni ilihitaji siku mbili kujiandaa. Katika siku hizo Ma Kokugonza alikiri mbele ya kijiji, akatukanwa na watu aliowapa kibuyu siku ya harusi yao, na hakujibu, jambo ambalo liliwashangaza wote. Alikwenda kwa Ta Byabato kumwambia mwenyewe. Alimkuta kitandani, ameuelekea ukuta.

"Uliniahidi," alisema Ta Byabato bila kugeuka.

"Mtoto halii, Byabato."

"Kwa hiyo umechagua. Nenda."

Asimwe alikuwa ameiandikia kampuni impe mzee kiraka, hata kimoja. Maharage yaliyomo ameyalima yeye mwenyewe misimu mitatu. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, likisema ombi limepokelewa na linashughulikiwa. Mpaka leo linashughulikiwa.

Asubuhi ya siku ya moto, Ma Kokugonza alichota mbegu za kujaza kibuyu kimoja kutoka chunguni. Aliweka kikaango motoni, akamimina. Katika miaka sabini na moja alikuwa hajawahi kuua mbegu. Zilipoanza kupasuka alilia, hana wa kumwona, akaendelea kukoroga. Alizikaanga zote mpaka hakuna ambayo ingeota popote duniani wala kumsalimia mwenzake, kisha akazitwanga, akazisaga, akapata unga. Alipima kwa kijiko, kijiko kimoja kwa siku. Vilitosha siku tisini na moja.

Kunguru walikuja arobaini. Walishuka kibanja baada ya kibanja wakitema moto mdogo wa buluu, wakikwepa migomba kwa ustadi mkubwa. Asimwe alipita nyumba kwa nyumba na jicho lake akikusanya magunia na vyungu. Alikichukua chungu cha Ma Kokugonza kwa mikono miwili. Kisha akakiona kibuyu juu ya kichanja.

"Na hicho, Ma?"

"Unga wa uji."

Asimwe alikisogezea jicho. Likawaka zambarau mpaka kwenye kuta. Walitazamana. Msichana alilizima, akalitia mkobani.

"Unga hauoti," alisema, akatoka na chungu.

Siku zilizofuata maumivu yalirudi Kyamulanga, na yalikuja na habari zake. Mama Asteria aligundua kwamba ametembea na kidole cha mguu kilichovunjika tangu Mei. Katekista alikuwa na jino lililooza mpaka kwenye taya. Binti mmoja wa shule, golikipa, alipelekwa Bukoba kukatwa mguu, mfupa ulikuwa umevunjika na kuharibikia ndani huku yeye anadaka penalti. Kila habari ilipofika, Ma Kokugonza alikaa chini. Hakuna aliyemtukana tena, na hilo lilimuumiza zaidi.

Mtoto alikaa kimya. Waliweka saa, wakamnyonyesha kwa saa. Kila baada ya muda Kemilembe alimvua nguo zote na kumkagua mwili mzima, kwa mkono wake mmoja, akitafuta kitu ambacho mtoto asingeweza kumwambia.

Siku ya tisa, jua likiwa utosini, Ma Kokugonza alikuwa anaanika nepi. Kwanza alifikiri ni paka. Kisha sauti ikapanda, ikakwaruza, ikajaa nyumba nzima. Kemilembe alitoka mlangoni amembeba mtoto, mdomo wa mtoto wazi, uso umekunjamana, ngumi zimekazwa, analia kwa hasira kama mtu aliyedhulumiwa.

"Nepi ilikuwa imembana," alisema Kemilembe, naye machozi yanamtiririka. "Mama, nepi imembana, amesema mwenyewe."

Ma Kokugonza alipiga kigelegele. Wanawake wa vibanja vya jirani waliokuwa wamenuna siku zote tisa walikipokea, kikapanda mlima mzima. Alipiga mpaka pumzi ikamwishia, akanyamaza ili avute nyingine.

Katika pengo hilo akaisikia sauti nyingine. Ilitoka ng'ambo ya migomba, chini chini, ya mtu aliyekuwa ameuma kitu akashindwa kuendelea kukiuma. Ikapanda. Hakuna redio iliyofunguliwa.

Alichukua kibuyu akapita katikati ya migomba bila kuaga. Ta Byabato alikuwa sakafuni, ameanguka kitandani, jasho limemlowesha, mkono wake una alama za meno. Alipomwona hakumfukuza. Hakuwa na nguvu za kiburi tena, na Ma Kokugonza naye cha kwake alikuwa amekiacha mlangoni. Alimwegemeza ukutani, akawasha moto, akapika uji, akakorogea kijiko kimoja cha ule unga. Alimnywesha kidogo kidogo. Walisubiri pamoja karibu saa nzima, akimshika mabega, na ile saa hatapenda kuisimulia.

Mwishowe pumzi ya mzee ilishuka. Aliufumbua mkono wake, akautazama. Kisha akatazama kibuyu.

"Ni wa siku ngapi?"

"Miezi mitatu. Nimeipima kijiko kwa kijiko."

"Ile ile aliyoitaja daktari."

"Ile ile."

Kutoka kibanja cha pili mtoto alianza kulia tena, na mama yake akaanza kumbembeleza.

"Na nikiishi minne?" aliuliza Ta Byabato.

Ma Kokugonza alifunika kibuyu. Akasogea akakaa naye ukutani, bega kwa bega, wakawa wanamsikiliza yule mtoto.